Bredäng na Mipaka ya Urithi wa Mijini

Uhifadhi wa majengo umezoea kupima umri na umaridadi. Jengo kongwe lenye nakshi hupata kinga upesi, ilhali makazi ya zege ya karne ya 20 huachwa kando. Makala haya yanadai kwamba kipimo hicho hakifai kwa vitongoji vilivyojengwa kwa ajili ya umma, na kwamba Bredäng, kusini-magharibi mwa Stockholm, inastahili kulindwa kama eneo zima.

Bredäng ilijengwa hasa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na treni ya chini ya ardhi ikaifikia mwaka 1965. Ukitazama ukuta mmoja, huoni la ajabu. Thamani imo katika mpangilio: safu za maghorofa, nyumba za chini, maduka kando ya stesheni, njia za waenda kwa miguu, na msitu ulioachwa upande wa ziwa Mälaren. Mpangilio huo ni ushahidi wa sera iliyoona makazi bora kuwa haki ya mfanyakazi wa kawaida. Ukivurugwa, ushahidi huo hupotea hata kama kila jengo limebaki.

Nyenzo za kuulinda zipo. Makumbusho ya Jiji la Stockholm huainisha majengo kwa rangi, buluu ikiwa daraja la juu, kisha kijani, njano na kijivu. Sheria ya Uswidi ya mipango na ujenzi ya 2010 inakataza kuharibu sura ya jengo au eneo lenye thamani ya pekee. Tena, Vällingby, kitongoji kilichozinduliwa 1954, kimetambuliwa kuwa urithi wenye maslahi ya taifa. Ujana wa jengo, basi, si kizuizi.

Wapo wanaopinga wakisema kwamba jiji lina uhaba wa nyumba. Hoja hiyo ni nzito: mradi wa Fokus Skärholmen, unaoihusu Bredäng pia, ulilenga nyumba mpya 4,000. Lakini kuhifadhi hakumaanishi kuzuia ujenzi. Nyumba mpya zinaweza kuingia kwenye maegesho ya magari bila kukata njia wala kumeza msitu, mradi kwanza ikubaliwe ni kipi hakiguswi.

Kuhusu nani aamue hilo, Zanzibar inatoa funzo. Mji Mkongwe uliorodheshwa na UNESCO mwaka 2000, huku Ng'ambo, sehemu nyingine ya mji huo wa Zanzibar, yenye maghorofa ya Michenzani yaliyojengwa baada ya Mapinduzi, ikionekana haina historia. Mpango wa Ng'ambo Tuitakayo ulianza kurekebisha mtazamo huo kwa kuwauliza wakazi wenyewe wanathamini nini katika mtaa wao.

Stockholm ifanye vivyo hivyo. Tathmini ya Bredäng iwahusishe wapangaji tangu mwanzo, itaje bayana njia, viwanja na mandhari ya kulindwa, na ikamilike kabla ya vibali vya ujenzi kutolewa. Urithi ulioamuliwa bila wanaouishi hauna wa kuutetea.