Uvimbe Uliodhaniwa Kuwa Saratani

Mwaka 1899, katika mji wa Christiania, ambao leo huitwa Oslo, tabibu wa maradhi ya ngozi Caesar Boeck alitangaza habari za askari polisi ambaye ngozi yake ilikuwa imejaa vinundu, na tezi zake zimevimba mahali pengi mwilini. Boeck alikata kipande cha ngozi ile, akakitazama kwa hadubini, na seli alizoziona zikamkumbusha sarkoma, ile saratani ya nyama na mifupa. Lakini kwa kuwa mgonjwa hakudhoofika kama wadhoofikavyo wenye saratani, akaviita vinundu vile sarkoidi, na akaongeza sifa ya kwamba havina shari. Basi maradhi tunayoyaita leo sarkoidosisi yaliingia katika vitabu vya utabibu yakiwa yamevaa joho la saratani, na tangu hapo hadi zama zetu hayajaacha kuwahadaa wanaotafuta saratani, hususa kwa wagonjwa waliokwisha tibiwa na kuambiwa kwamba wamepona.

Boeck hakuwa wa kwanza kuyaona. Huko London, Jonathan Hutchinson alikwisha kumwona mwaka 1869 mfanyakazi wa gati la makaa ya mawe aliyekuwa na mabaka ya zambarau mikononi na miguuni, na huko Paris, Ernest Besnier alieleza mwaka 1889 habari za mgonjwa aliyevimba pua, masikio na vidole. Wote hao walikuwa matabibu wa ngozi, wakaishia pale ngozi ilipoishia. Aliyetambua kwamba ngozi ni mlango tu, na kwamba nyumba yenyewe ya maradhi imo katika tezi, mapafu, mifupa na viungo vingine vya ndani, ni Jörgen Schaumann wa Sweden, katika risala aliyoiandika mwaka 1914. Schaumann alijua vema ni adui gani ugonjwa huu ungechanganywa naye, kwa maana alichagua jina lililoutenga ugonjwa huu, wenye tezi zisizo na shari, na ugonjwa wa Hodgkin, ambao ni saratani ya tezi hizo hizo.

Maadamu uvimbe ulikuwa juu ya ngozi, kisu na hadubini viliweza kuufikia bila taabu kubwa. Shida ilizidi pale eksirei, iliyovumbuliwa na Röntgen mwaka 1895, ilipoenea mahospitalini, na watu wasio na malalamiko yoyote wakaanza kuonekana na vivuli viwili vikubwa katikati ya kifua, kimoja upande wa kuume na kimoja upande wa kushoto. Katika miaka ya 1940 na 1950 Sven Löfgren wa Stockholm alithibitisha kwamba vivuli hivyo, hasa vikiandamana na homa na vinundu vyekundu vya miguuni, aghalabu ni sarkoidosisi, na kwamba wengi wa wagonjwa hao hupona wenyewe. Lakini limfoma, yaani saratani ya tezi, nayo huweka kivuli mahali pale pale, na filamu ya eksirei haina ulimi wa kusema ni kipi kati ya viwili. Ndipo Eric Carlens, naye wa Stockholm, alipoonyesha mwaka 1959 njia ya kupitisha bomba jembamba katika tundu dogo juu ya mfupa wa kidari, likashuka kando ya koo la pumzi mpaka kwenye tezi zenyewe, ili kipande kipatikane bila ya kukipasua kifua kizima.

Hata hivyo, kosa la kudhani kwamba saratani imerejea halikuweza kuzaliwa mpaka wapatikane kwanza watu walioshinda saratani. Watu hao walianza kuwa wengi katika nusu ya pili ya karne ya 20. Katika Marekani, Vincent DeVita na wenziwe walitangaza mwaka 1970 mchanganyiko wa dawa nne uliowaponya wengi waliokuwa na ugonjwa wa Hodgkin ulioenea. Na mwaka 1977 Lawrence Einhorn wa Indiana akaonyesha kwamba dawa ya sisiplatini, ikichanganywa na nyingine, huponya saratani ya korodani hata ikiwa imekwisha kutawanyika. Waliopona waliamriwa kurudi kila baada ya muda kupigwa picha; na ada hiyo njema ya kuchungulia ilileta fitina yake, kwa kuwa baadhi yao, miezi au miaka baada ya tiba, walionekana na tezi mpya kifuani, na tabibu aliyejua historia yao alikuwa tayari na jibu kabla ya kuuliza swali.

Wanapatholojia, kwa upande wao, walikuwa wameona zamani kwamba tezi zilizo karibu na saratani huweza kuwa na granuloma, yaani mikusanyiko midogo ya seli za kinga, bila ya kuwamo humo hata seli moja ya saratani. Hans Brincker wa Denmark aliyakusanya maandiko hayo mwaka 1986, akakadiria kwamba hali hiyo huonekana kwa wagonjwa 4.4 katika kila 100 wenye karsinoma, 7.3 katika kila 100 wenye limfoma zisizo za Hodgkin, na 13.8 katika kila 100 wenye ugonjwa wa Hodgkin. Dhana iliyokubaliwa na wengi ni kwamba vumbi la saratani, yaani chembe zinazodondoka humo, hubebwa na maji ya limfu hadi kwenye tezi, na kinga ya mwili hukusanyika kulizunguka. Uvimbe ambao tabibu aliuogopa kuwa ni adui aliyerudi, mara nyingine ulikuwa ni askari wa mwili wenyewe.

Zama za picha za PET ziliongeza nuru na zikaongeza shaka pamoja nayo. Msingi wake ni maarifa ya Otto Warburg wa Ujerumani, aliyeona katika miaka ya 1920 kwamba uvimbe wa saratani hula sukari kwa pupa. Baadaye ikatengenezwa sukari iliyotiwa florini yenye mionzi, ambayo nguvu yake hupungua nusu kila dakika 110, na mwaka 1976 ikaingizwa kwa mara ya kwanza katika miili ya binadamu huko Philadelphia. Penye ulaji mwingi wa sukari, picha hung'aa. Lakini seli za saratani hazili peke yao: mwaka 1992 Roko Kubota na wenziwe wa Sendai, Japani, walionyesha katika panya kwamba seli za kinga zilizouzunguka uvimbe huila sukari hiyo kwa wingi sana. Kwa hiyo tezi ya sarkoidosisi hung'aa kama tezi ya saratani, na mng'ao pekee haumtambulishi anayekula.

Fauka ya hayo, tangu mwaka 2011, ilipoidhinishwa Marekani dawa ya ipilimumabi inayofungua breki za kinga ya mwili, matabibu wamewaona wagonjwa ambao dawa yenyewe imewaletea granuloma katika tezi, mapafu na ngozi. Asiyelijua jambo hilo huweza kusema dawa imeshindwa, akaiacha, ilhali inafanya kazi yake.

Katika Afrika ya Mashariki fumbo hili lina sura nyingine iliyo karibu zaidi. Kenya, Tanzania na Kongo zimehesabiwa na Shirika la Afya Duniani miongoni mwa nchi zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu, nacho hujenga granuloma, huvimbisha tezi na hung'aa katika PET, ambayo Nairobi imekuwa nayo tangu mwaka 2018 katika hospitali ya Aga Khan. Dar es Salaam, mji aliofanyia kazi Robert Koch, mgunduzi wa kijidudu cha kifua kikuu, hivi leo una taasisi ya saratani ya Ocean Road. Na mgonjwa aliyetibiwa saratani humo, akirejea na tezi zilizovimba na homa za usiku, ana haki ya kuchunguzwa kifua kikuu kabla ya kuambiwa kwamba maradhi yake ya kwanza yamerudi. Granuloma ya kifua kikuu aghalabu huoza katikati, na ya sarkoidosisi haiozi. Lakini tofauti hiyo huonekana katika kipande kilichokatwa, wala si katika picha.

Kutokana na tarikhi hii ndefu imepatikana kanuni ambayo matabibu makini wanaishika: asihukumiwe mtu kwamba saratani imerejea kwa ushahidi wa kivuli au mng'ao peke yake, ikiwa kipande cha nyama chaweza kupatikana kwa salama. Leo sindano huongozwa na mawimbi ya sauti kupitia ndani ya njia ya hewa, ikazichoma tezi za kifuani bila ya kisu, na udhuru wa kutochukua kipande umepungua sana. Lakini kanuni hiyo ina upande wa pili, na asiyeujua huangamiza kwa faraja kama mwingine aangamizavyo kwa hofu: granuloma iliyopatikana katika tezi moja haiithibitishi salama ya tezi zote, kwa sababu yaliyoonwa na Brincker ni haya haya, kwamba granuloma na saratani huweza kukaa katika mwili mmoja kwa wakati mmoja. Kwa hiyo mgonjwa aliyepewa habari njema ya hadubini hurudishwa kwa picha nyingine baada ya miezi, na tezi isiyopungua, au ile inayokua peke yake wakati nyingine zinasinyaa, hukatwa tena.