Mulevi ao mugonjwa wa akili akiua mutu: tribinali inaangalia nini?

Kila mara mutu anapouawa huku kwetu, kuanzia Kayna mpaka Butembo na Beni, maneno mawili yanatoka haraka: «alikuwa amelewa» ao «huyo ni mutu wa kichaa». Wengi wanafikiri maneno hayo yanamaliza kesi. Hapana. Mbele ya sheria, kila moja iko na njia yake.

Adhabu ni gani?
Kode penale ya Kongo ni ya tarehe 30/1/1940, na imebadilishwa mara kadhaa. Kuua kwa kupanga mbele kunaadhibiwa kifo. Kupiga mutu bila nia ya kumuua, lakini akakufa, ni kifungo cha miaka 5 mpaka 20 (kipengele cha 48). Tangu 2003 waliohukumiwa kifo walikuwa hawauawi. Mwezi wa tatu 2024 serikali iliondoa kizuizi hicho. Ndiyo maana akili ya mushitakiwa si jambo la kuchezea.

Mugonjwa wa akili
Kode yetu haina kipengele chenye kusema wazi juu ya kichaa. Waamuzi wanafuata kanuni ya zamani: mutu asiyejua anachofanya hawezi kubebeshwa kosa. Lakini saa inayohesabika ni ile ya tendo lenyewe. Aliyekuwa muzima siku ya kuua, kisha akaugua gerezani, kosa lake linabaki. Kama akili ilipungua bila kupotea yote, kipengele cha 18 kinamuruhusu muamuzi kupunguza adhabu, hata ile ya kifo. Kipengele cha 19 kinamulazimisha kutaja sababu ndani ya hukumu.

Mulevi
Pombe ya kujinywea haifuti kosa. Mwenye kunywa kanyanga ao kuvuta bangi ili apate nguvu ya kwenda kupiga adui yake, anaonyesha kwamba alipanga. Tofauti ni mutu aliyetiliwa kitu ndani ya kinywaji bila kujua, akapoteza akili yote: huyo anaweza kuachiliwa. Uganda, ngambo ya Kasindi, inafuata njia karibu sawa, nayo imeiandika wazi ndani ya sheria yake.

Nani anaonyesha?
Muamuzi anaweza kuomba munganga wa akili amupime mushitakiwa, lakini neno la mwisho ni la muamuzi. Jamaa walete karatasi za matunzo, kwa mfano za Tulizo Letu ya Goma, pamoja na majirani waliomuona siku ile. Wasingojee siku ya hukumu: kipengele cha 19 cha Katiba kinatoa haki ya kuwa na mutetezi tangu kwa OPJ. Tangu 6/5/2021, état de siège ilipoanza, kesi za jinai za raia zilipelekwa kwa tribinali za kijeshi. Hata kule, haki hiyo haipotei.

Na jamaa ya marehemu?
Mulevi aliyeua hafungwi tu, analipa pia. Kipengele cha 258 cha kode sivile kinasema mwenye kuharibu kwa kosa lake atengeneze. Jamaa waombe malipo hayo ndani ya kesi ileile.

Jambo moja wengi wanasahau: kumupiga mawe mulevi ao mugonjwa aliyeua si kusaidia sheria. Nao wanaomupiga mpaka akufe, watajibu juu ya kuua.