Nilipanda Kilima Lisbon, Nikaikuta Lamu

Nianze kwa kukiri: lile kanisa nililipandia picha tu.

Lisbon ni mji wa vilima, na kilima cha Graça ni kati ya vile virefu. Wengi hupanda tramu namba 28. Mimi nilienda kwa miguu, maana mtu wa Lamu hababaishwi na mwendo. Ukifika juu unakuta uwanja wenye misonobari, na chini yako mji mzima: mapaa mekundu, ngome ya São Jorge, mto Tejo na daraja lake refu. Kando ya uwanja ndipo lilipo kanisa la Graça. Nikajipiga selfi zangu kama kumi hivi, halafu nikaingia ndani kukimbia jua.

Nikakaa kwenye benchi, nikatoa simu nisome kidogo niko wapi. Kumbe palianzishwa mwaka 1271 na watawa wa Waagustino. Tetemeko kubwa la 1755 liliporomosha sehemu kubwa, wakajenga upya. Sawa. Nikaendelea kusoma, nikafika kwenye jina moja lililonifanya nikae wima: Afonso de Albuquerque. Alifia Goa mwaka 1515, na mwaka 1566 mabaki yake yakaletwa kuzikwa hapa Graça.

Jamani, huyu mtu anatujua.

Mwaka 1506 msafara wa Wareno uliondoka Lisbon, mkuu wake akiwa Tristão da Cunha. Albuquerque alikuwemo, akiongoza merikebu zake. Walipofika Malindi, mfalme wa pale, ambaye alikuwa rafiki yao, akawaomba wamsaidie dhidi ya maadui zake. Wakaanza na Hoja, mji ambao wanahistoria wanauhusisha na magofu ya Ungwana, karibu na mlango wa Mto Tana. Hoja ikakataa kutii. Ikavamiwa, ikachomwa, mtawala wake akauawa.

Kisha wakageukia Lamu.

Lamu haikupigana. Mtawala wetu alikubali kulipa mithkali 600 za dhahabu kila mwaka, na merikebu zikaondoka. Zikapanda kaskazini hadi Barawa. Barawa ikapigana, nayo ikaporwa na kuchomwa, mwaka 1507.

Sasa hapo ndipo penye kidonda changu. Nina rafiki wa Mombasa ambaye tangu tuko sekondari ananitania: "Nyinyi Waamu mlilipa tu! Sisi tulipigana." Na ni kweli, Mombasa ilipigana. Almeida aliichoma mwaka 1505, na Wareno wakarudi kuiteketeza tena mwaka 1528. Kila akinitania nilikuwa nacheka, lakini moyoni naona haya. Nilikuwa naamini kwamba historia ni ya waliokufa wamesimama, na sisi wengine ni watu wa kulipa kodi.

Kwenye ile benchi nilianza kuona vingine. Hebu jiweke mahali pa yule mtawala. Habari za Hoja zimeshakufikia. Mbele yako kuna merikebu zenye mizinga. Nyuma yako kuna mafundi, mabaharia, wanawake, watoto, na misikiti ambayo mababu zako waliijenga. Msikiti wa Pwani pale Lamu una tarehe ya 1370, kwa hiyo tayari ulikuwa na zaidi ya miaka 130. Unaulizwa swali moja: dhahabu au moto? Wewe ungejibu nini, ukijua kwamba atakayeungua si wewe peke yako?

Mimi siuiti tena uoga. Naiita hesabu ya mtu mwenye watu wa kulinda.

Lakini nisiwadanganye, hesabu hiyo haikumaliza shida. Miaka ya 1580 alikuja Mir Ali Bey na meli za Waturuki, na miji mingi ya pwani ikamuunga mkono. Lamu nayo ikawa upande wake. Wareno waliporudi, walilipiza kwa ukatili. Mwaka 1587 waliivamia Faza, wakaua watu pamoja na mtawala, wakakata hata minazi. Mwaka 1589 mfalme wa Lamu alikatwa kichwa hadharani kule Pate. Kwa hiyo yule anayesema "Waamu mlilipa tu" hajasoma mpaka mwisho. Tulilipa, kisha tukaasi, kisha tukalipa kwa damu. Mreno mwenyewe aling'olewa Ngome ya Yesu mwaka 1698.

Kuna jambo lingine lililonikaa kichwani. Watu wanavuka bahari kuja kushangaa kanisa la 1271, na mimi nilikuwa mmoja wao, mdomo wazi. Na kule kisiwani Pate, pale Shanga, wachimbaji wa mambo ya kale walifukua misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine, na ile ya chini kabisa ni ya kabla ya mwaka 1000. Tena Shanga ilihamwa karne ya 15, kabla Mreno hajafika. Mimi nimezaliwa Lamu na nilikuwa sijawahi kutia mguu Shanga. Nauli ya ndege kwenda Lisbon nilipata. Nauli ya boti kwenda Pate, eti sikuwa na nafasi!

Niliporudi nilianza na pa karibu, Takwa, kisiwani Manda. Unangoja maji yajae ndipo mashua ipite katikati ya mikoko. Kuna msikiti wenye nguzo juu ya kibla, na nje kuna kaburi la nguzo lenye tarehe ya 1094 Hijria, yaani kama 1683 hivi. Mji ulihamwa, na inasimuliwa kwamba watu wake walivuka wakahamia Shela. Watu wa Shela bado huja pale kuomba dua ya mvua. Nilikaa kivulini, peke yangu na mijusi. Hakuna tramu, hakuna foleni, na selfi nilisahau kabisa kupiga.

Yule rafiki yangu wa Mombasa nimemwambia Desemba aje, nimpeleke Takwa kisha Shanga. Ubishi wetu tutaumalizia kwenye mashua. Na wewe unayesoma, mtu wa Nairobi, Mombasa au Dar: mahali pa kale palipo karibu nawe kabisa ni wapi, na ulikwenda mara ya mwisho lini?