Tawi na Mbegu: Nani Aliruhusiwa Kupanda Mbuni?



Hapa kwetu Matwebe, wilayani Rungwe, atakaye kuongeza muhogo hukata pingili, atakaye mgomba huchimba chipukizi, na mwenye shamba la chai hupanda vikonyo. Hakuna anayeyaona haya kuwa maajabu. Lakini mbuni wazee wetu waliusia kwa mbegu, na ndiyo sababu wengi hushangaa wakiambiwa kwamba mbuni chotara wa siku hizi, usioshikwa upesi na chulebuni wala kutu ya majani, haupandwi kwa mbegu zake bali kwa kikonyo. Mzee mmoja aliniambia, “Mwalimu, hiyo ni elimu ya Wazungu, sisi hatuijui.”

Nilimjibu kwamba sivyo. Katika nchi hii hii yetu walikuwako watu waliozidisha mbuni kwa matawi kabla Mjerumani hajatia mguu, na kwao mbegu ndiyo iliyokatazwa. Watu hao ni Wahaya wa Bukoba, ng’ambo ya magharibi ya Ziwa Viktoria, na mbuni wao ni robusta, ambao asili yake ni misitu ya Afrika na si mgeni aliyeletwa na meli.

Wahaya hawakuinywa kahawa kama tuinywavyo sisi kwa tende au kashata. Waliichuma ingali mbichi, wakaichemsha pamoja na majani yenye harufu nzuri, wakaianika, kisha wakaitafuna. Mgeni akifika alikaribishwa kwa buni hizo. Tena watu wawili waliotaka kufanya undugu wa kuchanjiana waligawana punje mbili za tunda moja, zikiwa zimepakwa damu zao. (Jambo la damu sheria yetu hailikubali, lakini tunasimulia historia.) Kitu chenye heshima namna hiyo hakikuachwa kiote popote. Mtawala, yaani Omukama, ndiye aliyekuwa na neno juu ya nani apande na wapi apande, na mila ikakataza kusia mbegu. Mti mpya ulitoka katika mti uliopo.

Hebu tazama, ndugu msomaji, hekima ya kitawala iliyomo katika katazo hilo. Mbegu ni kitu kidogo; mtoto aweza kuificha kinywani. Tawi halifichiki, hunyauka upesi, na halipatikani ila kwa mwenye mti. Aliyezuia mbegu akaacha tawi, basi amejua idadi ya mibuni yote ya nchi bila ya kuihesabu.

Kwa upande wa pili wa bahari husimuliwa kisa kinachofanana na hiki. Watu wa Yemen, waliokuwa wakisafirisha kahawa kutoka bandari ya Mokha, husemwa kuwa hawakuruhusu punje iliyo hai kutoka nchini mwao. Kisha katika karne ya 17 Sufi mmoja wa Kihindi, Baba Budan, akirejea kutoka hija, akazificha punje 7 mwilini mwake akazipanda katika vilima vya Chikmagalur, kusini ya India. Kisa hiki kimechanganyika na ngano, lakini Wahindi wanavyo vilima vinavyoitwa kwa jina lake hata leo. Lau Yemen wangalikuwa wakipanda kwa matawi tu, sijui Baba Budan angalificha nini.

Kufuli ya Buhaya ilivunjwa na Wajerumani. Mwaka 1911 waliamrisha arabika ipandwe katika nchi ya Bukoba, wakafundisha watu kusia mbegu, na nguvu ya watawala juu ya zao hilo ikapungua. Wala tusidhani walifanya hivyo kwa kumhurumia mkulima, maana walitaka kahawa nyingi ya kuuza. Mkulima alitoka katika amri ya Omukama akaingia katika amri ya serikali, na mwaka 1937, zama za Mwingereza, Bukoba kulizuka ghasia kwa sababu ya kanuni zilizowekwa juu ya mashamba ya kahawa.

Mambo yamegeuka tena. Mwaka 1997 ugonjwa wa mnyauko fuzari ulionekana Kagera, ukawa unakausha mibuni ya robusta mizima mizima. Robusta huchavushwa na mti mwingine, hivyo mbegu yake haimfuati mama. Mti uliostahimili maradhi waweza kuzaa watoto wasiostahimili. Kikonyo ni mama mwenyewe. Kwa hiyo Taasisi ya Utafiti wa Kahawa, TaCRI, iliyoanza kazi mwaka 2001, imezalisha miche mingi kwa vikonyo, robusta na chotara za arabika pia, na vijijini huanzishwa bustani mama za kukatia. Mwenye bustani mama leo amekaa karibu na kiti cha Omukama, na ni juu yake kuchagua atakavyokikalia.

Nami nilikikalia vibaya, ingawa si kwa choyo. Mjane mmoja jirani yangu aliniomba vikonyo, nami nikakata matawi ya pembeni kwa kuwa yalikuwa karibu na mkono. Vikaota. Baada ya miaka miwili akaja akaniambia kwa upole, “Mwalimu, mibuni yako imelala.” Nikaenda nikaona: imetambaa chini kama mboga ya maboga. Tawi la pembeni hubaki na tabia yake ya kwenda pembeni hata likipata mizizi. Kikonyo hukatwa kwenye maotea, yale machipukizi yanayosimama wima. Pingili moja, majani yapunguzwe nusu, chini pakatwe mshazari, kisha kitiwe katika boksi lenye kivuli na nailoni ili unyevu usitoke, miezi 3 hadi 4. Niliyajua haya? Niliyasikia, lakini sikuuliza sababu yake.

Msimu uliofuata nilikata maotea 20. Nilipofunua nailoni, 17 yalikuwa na mizizi. Yote nikampelekea yule mama, tukang’oa pamoja ile iliyolala, naye akakataa nisiondoke mpaka ninywe chai.