Bonde na Mabondeni

Masika yakikaza, redio za Dar es Salaam hazina tangazo jipya: wakazi wa mabondeni wachukue tahadhari, wahame mara moja. Neno ni halali kabisa, lakini kwa kurudiwarudiwa limeingia lawama. Mtu wa mabondeni ni yule aliyekatazwa kujenga akajenga, akahamishwa akarudi. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, yaliyoua watu wapatao 40, familia nyingi zilipelekwa Mabwepande. Tangu hapo "wa mabondeni" hutamkwa kama jina la kabila.

Fungua sasa nyaraka za Wizara ya Maji. Humo bonde ni jambo jingine kabisa. Nchi nzima imegawanywa katika mabonde tisa, kila moja na bodi yake. Mto Msimbazi umo katika Bonde la Wami/Ruvu, lenye zaidi ya kilomita za mraba 60,000, na bodi yake iko Morogoro. Kwa hesabu hiyo hakuna Mtanzania asiyeishi bondeni. Mwenye nyumba ya vigae kule Kimara ni mtu wa bondeni, na mwenye gereji ya Tabata vilevile. Msimbazi huanzia milima ya Pugu, Kisarawe, ukateremka kilomita zipatazo 35 hadi baharini karibu na Daraja la Selander, na njiani hupokea mto Ubungo na mto Sinza. Maji yanayoingia ndani ya nyumba Jangwani yalinyesha juu ya mapaa ya watu wengine. (Jangwani! Aliyepaita hivyo nadhani alipita kiangazi.)

Ndiyo maana nalipenda neno la tatu, ambalo wahaidrolojia wanalo na sisi wengine hatulitumii: dakio. Wengine husema kidakio. Limetoka kwenye kudaka, na ni ndugu wa kidaka, kile kishubaka cha ukutani katika nyumba za kale za Waswahili, na wa kidakatonge kilichoning'inia kooni. Bonde hukuonyesha umbo la ardhi tu. Dakio hukuambia kazi yake: mvua inadondoka, kilima kinaidaka, udongo unainywa taratibu, mto unapewa kidogo kidogo. Ukishalijua neno hili unaanza kuona kazi hiyo ikiachwa. Kila paa jipya la bati Kinyerezi, na kila ua uliotandazwa pevingi hadi ukutani, ni kipande cha ardhi kilichoacha kudaka. Maji hayapandi mlima. Yakikosa wa kuyadaka juu, yatateremka yote, kwa pamoja, kwa kasi.

Tukishuka mtaani, istilahi ni tajiri zaidi kuliko za ofisini. Kuna mchirizi unaozunguka nyumba, mtaro wa barabara, korongo lililochimbwa na mvua yenyewe. Kuna pia kutapisha choo, tendo la usiku wa mvua kubwa: mwenye nyumba hutoboa shimo la choo chake, mvua ikabeba. Ofisini kuna majisafi, majitaka na maji ya mvua, kila aina na mwenyewe. Mtaroni hakuna ubaguzi huo.

Halafu kuna kuzibua. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya usafi, mjumbe anapita, vijana wanashuka mtaroni na makoleo. Wanatoa mchanga mweusi, chupa za plastiki, viroba, kandambili moja moja, na kuvirundika ukingoni. Mtaro umezibuliwa, watu wanapiga picha. Mvua inayofuata inachukua rundo lile lile na kulirudisha lilikotoka, kwa sababu kazi ilikuwa na kitenzi cha pili ambacho hakikufanyika: kuzoa. Kuzibua wananchi wanaweza kwa mikono. Kuzoa kunataka lori, na lori ni la manispaa. Wengi wa wanaowalaumu wananchi kwa uzembe hawajawahi kuuliza lori lilikuwa wapi.

Hata jina la chombo cha wananchi lina kasoro. Sheria ya rasilimali za maji ya mwaka 2009 imeweka Jumuiya za Watumia Maji. Kwa wakulima wa mifereji ya Pangani jina hilo linatosha, maana kweli wanayatumia maji hayo na wanagawana zamu. Mama wa Kigogo, bondeni mwa Msimbazi, hatumii tone la mto huo. Msimbazi ndio unaomtumia yeye. Huyo ajiunge kwa jina gani?

Jina zuri walilipata vijana wa Ramani Huria, walioanza mwaka 2015. Wanafunzi wa vyuo na wakazi walitembea kata kwa kata wakichora mitaro, upana wake, kina chake, na palipoziba. Huria hapo limekaa mahali pake: ramani iko wazi kwa yeyote, na mwenye nyumba anaweza kuonyesha ukutani maji yalipofika. Wakazi hao hawasemi sentimita. Husema kifundoni, gotini, kiunoni, kifuani, na kila mtu anaelewa ni hatua gani ya kukimbia.

Tusijidharau kwamba lugha yetu inangoja kupewa istilahi za maji. Wakulima wa Ukambani, Kenya, huchimba mtaro kukingama mteremko na kutupia udongo upande wa juu, ukawa tuta la kuzuia maji. Wameiita fanya juu. Udongo ukitupwa chini, ni fanya chini. Vitabu vya hifadhi ya udongo vya Kiingereza duniani vimeyachukua maneno hayo yalivyo, bila kutafsiri. Yamechukuliwa kwa sababu ni maelekezo ya kazi yaliyogeuka jina.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa wahariri wa habari. Mvua zikianza, msiishie kuwatangazia watu wa mabondeni wahame. Itajeni Pugu kabla ya Jangwani, waulizeni wa Kimara na Kinyerezi mapaa yao yanamwaga wapi, na mkienda kupiga picha ya siku ya usafi, rudini Jumatatu mkaangalie kama rundo limezolewa.