Deni langu kwa tagi iitwayo Hoga

Leo nina kosa la kukiri. Tangu nianze kazi hii ya uandishi nimeandika mara kadhaa kuhusu meli kubwa zinapoingia bandarini: urefu wake, shehena yake, zimetoka wapi. Hata siku moja sijaandika jina la tagi, ile boti ndogo inayoivuta meli mpaka gatini. Basi nalipa deni kwa tagi moja ya Jeshi la Wanamaji la Marekani, iitwayo Hoga.

Ukilitamka jina haraka utadhani ni woga. Kumbe kwa lugha ya Wasioux ni samaki. Ilijengwa New York, ikashushwa majini Desemba 31, 1940, ikaanza kazi Mei 1941. Urefu wake ni mita 30 tu. Kwa taratibu za jeshi lile, boti za namna hiyo hazipewi hata heshima ya herufi USS mbele ya jina.

Asubuhi ya Desemba 7, 1941, ndege za Japani zilishambulia Pearl Harbor, Hawaii. Manowari Arizona ililipuka, wakafa watu 1,177. Ubavuni mwake ilikuwa imefungwa Vestal, meli ya mafundi, nayo imeshapigwa mabomu na inaungua. Hoga, ikiongozwa na Joe McManus, ambaye hakuwa hata afisa, iliifuata mle mle motoni, ikafunga kamba na kuivuta pua ya Vestal mpaka ikajitenga na Arizona.

Haikuishia hapo. Ilisaidia kuiondoa Oglala, iliyokuwa ikizama ubavuni mwa Helena. Ikasaidia kuisukuma Nevada pembeni, maana kama ingezama katikati ya mlango bandari nzima ingezibwa. Kisha ikageuka zimamoto, ikimwagia maji manowari zilizokuwa zikiungua. Februari 1942 Admirali Nimitz aliipongeza.

Baada ya vita, mwaka 1948, ilipelekwa Oakland, California, ikawa boti ya zimamoto kwa zaidi ya miaka 40. Mwaka 1989 ilitangazwa kuwa alama ya kihistoria ya taifa. Ikaja kukaa miaka imeegeshwa tu, hadi Novemba 2015 ilipofika North Little Rock, Arkansas, kwenye makumbusho.

Kinachonisumbua kama mwandishi ni hiki. Waliokufa Arizona tunawajua kwa idadi, na ni haki yao kukumbukwa. Lakini mabaharia wa Vestal waliorudi kwa mama zao kwa sababu kuna kamba ilifungwa kwa wakati, hao hawana tarakimu. Na sisi wa magazeti bila tarakimu hatuna kichwa cha habari.

Meli nyingine ikiingia bandarini nitauliza jina la tagi. Mhariri akilikata, angalau nitakuwa nimeliandika.

Ni hayo tu kwa leo.