Kichwa, Kiuno na Darasa la Saikolojia: Dhana ya Mtu katika Ufipa

Historia ya saikolojia anayofundishwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza huanzia Leipzig mwaka 1879, Wilhelm Wundt alipofungua maabara yake. Mwaka huohuo Mbelgiji Cambier alianzisha kituo cha Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika huko Karema, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, kaskazini mwa Ufipa. Mwaka 1885 kituo hicho kilikabidhiwa kwa Mapadri Weupe, ambao shule zao ziliwafungulia Wafipa wengi elimu ya maandishi. Matukio hayo hayakuhusiana. Hata hivyo, hukutana katika kijana wa Sumbawanga anayesoma saikolojia katika chuo kidogo, mara nyingi ndani ya shahada ya ualimu. Kijana huyo hufika na maarifa ya nafsi aliyolelewa nayo, na mtaala hauna mahali pa kuyaweka.

Maarifa hayo yana kumbukumbu. Mwanaanthropolojia Roy Willis, aliyeishi Ufipa kati ya 1962 na 1964, alichapisha mwaka 1967 makala iliyoeleza kwamba Wafipa humfikiria mtu kwa jozi ya kichwa na kiuno. Kichwa ni akili, utulivu, ukubwa na mamlaka. Kiuno ni nguvu ya uzazi, mwendo na ujana. Jozi hiyo hujitokeza pia katika simulizi la dola. Ntatakwa, mtawala wa Milansi, alikuwa mawindoni wakati wanawake wageni wa ukoo wa Twa walipofika na kukalia kiti chake. Aliporejea hakupigana. Watwa walichukua utawala wa nchi, naye akabaki na Milansi pamoja na heshima ya kimila. Kwa Willis, Milansi ni kichwa na Watwa ni kiuno, na nchi haisimami kwa kimoja peke yake.

Je, hii ni saikolojia? Jibu la haraka la ndiyo lina hatari yake. Willis aliandika akijadiliana na Lévi-Strauss, na unadhifu wa jozi hiyo huenda unadaiwa na mjadala huo kama unavyodaiwa na wasimulizi wenyewe. Isitoshe, simulizi la Milansi lilihalalisha utawala. Si maelezo ya nafsi yasiyo na upande. (Wundt naye hakuishia maabara: aliandika juzuu kumi kuhusu lugha, visasili na mila za jamii, sehemu ambayo vitabu vya utangulizi huipitia kwa sentensi moja.) Inayoweza kutetewa ni hoja ndogo zaidi, kwamba Ufipa ilikuwa na msamiati wa kujadili uhusiano wa akili na tamaa, mkubwa na mdogo, na kwamba watu waliutumia kufanya uamuzi.

Msamiati huo ulijaribiwa wakati Willis akiwa bado uwandani. Harakati ya Kamcape ilipita vijijini katika miaka ya 1963 na 1964 ikidai kukomesha uchawi. Vijana walikuwa mstari wa mbele, na waliotuhumiwa zaidi walikuwa wazee. Kwa maneno ya jozi ile, kiuno kilikuwa kikikituhumu kichwa. Serikali ilikuwa na Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928, iliyofanya tuhuma yenyewe kuwa kosa. Sheria hiyo iliweza kumshtaki mtuhumu. Haikuweza kushughulikia hofu iliyomsukuma, wala fedheha ya mzee aliyepekuliwa mbele ya wajukuu wake. Jina la Sumbawanga lenyewe wenyeji hulifasiri kuwa "tupa uchawi", na Watanzania wa mikoa mingine hulifanyia mzaha hadi leo. Mwanafunzi anayetoka huko huusikia mzaha huo bwenini kabla hajafika darasani, naye hujifunza mapema kunyamazia anayoyajua.

Kunyamaza huko kuna gharama ya kitaaluma. Mnasihi aliyefunzwa kuorodhesha dalili tu atamsikia mteja akisema amerogwa, aandike "imani potofu", na asiulize ni nani katika ukoo anayegombana na nani, wala ugomvi ulianza lini.

Waliokuwa vijana mwaka 1963 na wangali hai sasa wana miaka 80 au zaidi. Mahojiano nao, kwa Kifipa na kwa ridhaa yao, yanaweza kufanywa na wanafunzi wa shahada ya kwanza wenyewe kama zoezi la somo la mbinu za utafiti. Wengi wao hawatahitaji mkalimani.